Albamu zako 10 za muongo huu: Jinsi ya kuzichagua bila uteam wala kufuata mkumbo

Muongo ulioanza 2020 umeshavuka nusu, na orodha za "albamu kali za muongo" zimeanza kuzagaa kwenye simu. Ukizipitia, majina ni yaleyale. Nyingi ni za Lagos na Marekani, na ukifika mwisho unajiuliza: hivi hapa ipo hata moja niliyoisikiliza kweli?

Ndiyo maana watu wengi wanaamua kutengeneza orodha zao wenyewe. Inaonekana kazi ndogo, lakini ukikaa chini unakwama. Wimbo mmoja mmoja unaukumbuka, albamu huikumbuki. Au unajikuta umeandika majina ya wasanii unaowashabikia, si albamu unazozipenda.

Hizi hapa hatua za kukusaidia kupata orodha ambayo ni yako kweli.

Muongo unaanzia wapi?

Kuna wanaohesabu 2020 hadi 2029 na kuna wanaohesabu 2021 hadi 2030. Kwenye muziki, wengi husema tu "miaka ya 2020" na kuanza na 2020. Chagua hesabu moja na uishikilie, maana mwaka huo mmoja tu unaweza kubadili orodha nzima.

Angalia 2020 ilivyokuwa. Harmonize aliachia "Afro East" Machi, mwezi uleule Tanzania ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa corona. Sauti Sol wakaja na "Midnight Train" Juni, wakati shoo zimefungwa sehemu kubwa ya dunia. Burna Boy akatoa "Twice as Tall" Agosti, albamu iliyompa Grammy mwaka uliofuata. Wizkid akafuata na "Made in Lagos" Oktoba. Darassa naye akafunga mwaka na "Slave Becomes a King". Ukianza kuhesabu 2021, zote hizo zimekwenda na maji.

Kingine: kinachohesabiwa ni mwaka albamu ilipotoka, si mwaka ulipoisikia. "A Boy from Tandale" ya Diamond Platnumz ni ya 2018. Hata kama ndiyo iliyokushikilia 2020 nzima, haimo.

Albamu au EP?

Hapa ndipo ubishi unapoanza, hasa kwa Bongo Fleva.

Kwa miaka mingi soko la Bongo liliishi kwa singo. Kanda na CD zilipokufa kwa uharamia na muziki ukahamia kwenye simu, wimbo mmoja wenye video kali YouTube ndio ulioleta shoo. Albamu ikawa gharama isiyorudi. Mfano mzuri ni Alikiba. Alitoa "Cinderella" 2007 na "Ali K 4Real" 2009, halafu "Only One King" ikaja Oktoba 2021. Hapo katikati ni miaka 12, na ndani yake kuna "Mwana", "Aje" na "Seduce Me", ngoma ambazo kila mtu alizijua.

Muongo huu mambo yamebadilika. Albamu zimerudi, lakini zimekuja na mdogo wake, EP. Kwa utaratibu wa majukwaa kama Apple Music na Spotify, EP kwa kawaida ina nyimbo 4 hadi 6 na haifiki dakika 30. Zikifika nyimbo 7, au muda ukifika nusu saa, inahesabika albamu.

Wasanii hawafuati hesabu hiyo sana. "First of All" ya Diamond ya 2022 ina nyimbo 10, lakini mwenyewe aliiita EP. "I Am Zuchu", kazi iliyomtambulisha Zuchu Aprili 2020, ina nyimbo 7 na nayo ikaitwa EP.

Kwa hiyo amua mapema: ama unahesabu nyimbo, ama unafuata jina alilolipa msanii. Yote mawili sawa. Kisichofaa ni kuikata EP ya msanii usiyempenda halafu kuipitisha ya unayempenda.

Anza na kichwa, si simu

Kosa kubwa ni kufungua programu ya muziki kwanza na kuangalia ulichosikiliza zaidi. Chukua karatasi, jipe dakika 15, andika kila albamu inayokuja kichwani. Usipange, usifute. Zinazokuja zenyewe bila kukumbushwa tayari zina jambo na wewe.

Baada ya hapo fungua simu kujazia uliyoyasahau. Lakini usiiamini kupita kiasi, kwa sababu tatu.

Moja, programu inahesabu kilichopigwa ndani yake tu. Albamu uliyoisikia kwenye daladala, saluni, redioni au kwa jirani haimo. Faili uliyotumiwa WhatsApp nayo haimo.

Mbili, Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Wimbo uliojiendea wakati unaosha vyombo unapata alama sawa na ule uliourudia usiku kwa sababu uligusa kidonda.

Tatu, Spotify yenyewe ilifunguliwa rasmi Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda Februari 2021. Kwa wasikilizaji wengi wa huku, mwaka 2020 haumo kabisa kwenye kumbukumbu zake.

Kali, maarufu na kipenzi

Haya ni maneno matatu tofauti, na orodha nyingi huharibika kwa kuyachanganya.

Albamu maarufu inapimwa kwa namba. Albamu kali inapimwa kwa kazi yenyewe: utunzi, sauti, biti, mpangilio. Albamu kipenzi inapimwa kwa ilichokufanyia wewe. Moja inaweza kuwa zote tatu, lakini si lazima.

Chukua "Definition of Love" ya Mbosso, iliyotoka Machi 2021 ikiwa na nyimbo 12. Kwa shabiki mmoja hiyo ni albamu ya "Baikoko" aliyomshirikisha Diamond, basi. Mwingine ataipenda kwa "Tulizana", ambapo kijana aliyetokea Yamoto Band ameimba na Njenje, wakongwe wa muziki wa dansi. Msikilizaji huyo pengine alikua akiwasikia Njenje redioni kwa baba yake, na wimbo ule unamrudisha sebuleni kwao. Mtu wa tatu aliachwa mwezi huohuo albamu ilipotoka, na mpaka leo hawezi kuisikiliza zaidi ya nyimbo mbili. Hata hiyo ni alama ya albamu iliyomwingia.

Maswali haya yanasaidia kutenganisha:

- Ukisikia wimbo wake wa kwanza, unakumbuka ulikuwa wapi na nani?
- Kuna wimbo ndani yake unaoupenda ambao haukuwahi kuvuma?
- Ungempa mtu unayemheshimu aisikilize yote, bila kumwambia "ruka huo wa tatu"?
- Ikifutwa leo kila mahali, utaitafuta?

Swali la mwisho ndilo zito. Albamu nyingi zinazotajwa kila siku, zikipotea, mtu angesema "pole" na kuendelea na shughuli zake. Chache ndizo angezitafuta.

Weka uteam pembeni

Kwa mashabiki wa Bongo, hiki ndicho kigingi. Mtu wa Team Kiba ataiweka "Only One King" namba moja kabla ya kuisikiliza, na mtu wa Team Mondi ataikata kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili wanapoteza. Albamu ile ina nyimbo 16 na kolabo za Sauti Sol, Sarkodie, Patoranking na Mayorkun. Inastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Jaribio rahisi: mwombe rafiki akupigie nyimbo tano ambazo hazikuvuma kutoka albamu tofauti, bila kukuonyesha majina, kisha wewe utoe alama. Sauti za wasanii wakubwa utazitambua, hilo halikwepeki, lakini angalau utakuwa unahukumu wimbo wala si ugomvi wa mitandaoni.

Pia angalia orodha yako imeegemea wapi. Kama zote ni za wanaume wa Dar es Salaam, huenda ni ladha yako, na huenda hukupewa nafasi ya kusikia kingine. Nairobi wana Wakadinali na "Ndani ya Cockpit 3" ya 2022, na mwaka huohuo Khaligraph Jones alitoa "Invisible Currency". Kwa Zanzibar, Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa "Siti of Unguja" mwaka 2020. Ni taarabu ya bibi yake iliyovalishwa sauti mpya. Huwezi kusema hupendi taarabu ya siku hizi kama hiyo hujaisikia.

Sikiliza mwanzo mwisho, bando linatosha

Orodha yako ikiwa na majina 20 hivi, rudi usikilize kila moja kwa mpangilio wake, bila kuchanganya nyimbo. Msanii aliamua wimbo upi ufungue na upi ufunge, na ukizichanganya unasikia pleilisti tu.

Wengi wanaogopa bando. Hesabu iko hivi: ukiweka ubora wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde, albamu ya saa nzima hula takriban MB 43. Ukiweka ubora wa juu wa kilobiti 320, albamu hiyohiyo hula takriban MB 144. Kwa albamu 20, ubora wa kawaida ni chini ya GB 1. Wa juu unakaribia GB 3. Kwa hiyo kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio uangalie simu yako imewekwa wapi.

Ukisikiliza, weka alama kila unapotamani kuruka wimbo. Ukiruka mmoja au miwili, albamu imesimama. Ukiruka nusu, basi ulichokuwa unakipenda ni singo mbili. Kipimo hiki huzipa shida albamu ndefu. "Sound from Africa" ya Rayvanny ya 2021, kwa mfano, ina nyimbo 23. Usiiadhibu kwa urefu tu. Jiulize kama nyimbo ulizobakiza zinatosha kuwa albamu nzuri peke yake.

Kata mpaka zibaki 10

Usijaribu kupanga zote 20 kwa mpigo. Chukua mbili mbili, uliza: nikipewa moja tu, nabaki na ipi? Inayoshinda inakutana na nyingine, mpaka ngazi zipatikane.

Sheria ya msanii mmoja albamu moja nayo husaidia. Marioo, kwa mfano, ana "The Kid You Know" ya 2022 na "The God Son" ya 2024. Kulazimika kuchagua moja kunakufanya ujue unampendea nini.

Na albamu mpya ipe muda. Kitu kilichotoka mwezi uliopita bado kina joto la kiki na mahojiano. Iweke pembeni miezi mitatu ndipo uipime.

Mwisho, ihifadhi

Nyimbo ulizopakua kwa malipo ya mwezi si mali yako. Ukiacha kulipa, hazipigi tena. Hata ukiwa unalipa, Spotify hutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo unapoteza ulizopakua. Msanii au kampuni nayo inaweza kuiondoa albamu wakati wowote.

Kwa zile 10 za moyoni, kama zinauzwa, nunua nakala uweke kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta. Kisha andika orodha yako na tarehe juu yake. Muongo ukiisha, utaandika nyingine na kuzilinganisha. Zitakazokuwa bado zimo kwenye zote mbili ndizo albamu zako.