Maswali ya Babu wa Chiola: Mchezo wa Kompyuta Unapogeuka Hadithi

Ndugu msomaji, siku moja baada ya kazi, kabla hujafungua redio kusikiliza taarifa ya habari, mwite mwanao umwombe akusimulie hadithi. Usimchagulie, mwache aanze mwenyewe. Huenda ukatazamia Sungura na Fisi, kumbe utaletewa fundi bomba mwenye masharubu anayeruka juu ya migongo ya kobe, au kalunguyeye wa rangi ya buluu anayekimbia kuliko garimoshi, au kijinyama cha manjano chenye umeme mashavuni. Usishangae, wala usimkemee. Hao ndio wahusika wanaojulikana na watoto wengi duniani leo, nao hawakuzaliwa vitabuni wala vinywani mwa mabibi. Walizaliwa ndani ya michezo ya kompyuta, kisha wakahamia katika televisheni.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Jamaa yangu mmoja ni fundi mitambo katika kiwanda hapa Dar es Salaam, na kwao ni Chiola, huko Nachingwea, mkoani Lindi. Mwezi wa Juni, wakati wa kuvuna ufuta, alichukua likizo akampeleka mwanawe wa miaka 11 akawaone wazee. Bibi alimpokea kwa utani wa desturi: "Mume wangu kaja!" Usiku, baada ya chakula, babu alisimulia ngano yake, kisha akamgeukia mjukuu: "Haya, nawe tupe ya mjini."

Kijana akaanza kwa bidii kusimulia habari za kalunguyeye yule wa buluu. Babu akamkatiza kwa upole: "Mtoto wa nani huyo?" Kijana akasema hajui. "Kwao wapi?" Hajui. "Sasa anakimbilia nini?" Kijana akajibu kwamba anakusanya pete. "Pete za kumwoa nani?" Baraza zima likaangua kicheko. Mtoto akanyamaza, wala hakusimulia tena usiku ule, wala usiku wa pili.

Baba yake alinieleza kwamba kicheko hakikumuumiza, maana kilikuwa cha utani. Kilichomuuma ni kuwaona babu na mjukuu wameketi katika mkeka mmoja, kila mmoja ana hadithi yake, na hakuna njia ya kuvuka kutoka hadithi moja hadi nyingine. "Mzee hana miaka mingi ya kungoja," alisema.

MASWALI YA ZAMANI

Babu aliuliza kwa mzaha, lakini maswali yake ndiyo yale yale yaliyowakabili watu wa kwanza waliojaribu kuugeuza mchezo wa kompyuta kuwa filamu ya vibonzo. Mchezo hauhitaji hadithi ndefu. Mchezaji ndiye mwenye kuongoza, na furaha yake ni kuruka, kukwepa, kushinda na kupanda ngazi. Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa mchezo uitwao Pac-Man, uliobuniwa na Toru Iwatani. Ndani yake mna kiduara cha manjano chenye mdomo, kinachokula vidoa katika vichochoro huku kikifukuzwa na mizuka minne. Basi, hakuna zaidi. Kiduara hicho hakikuwa na ukoo wala kijiji.

Mwaka 1982 kampuni ya Hanna-Barbera ya Marekani ilipotengeneza vibonzo vya Pac-Man kwa ajili ya televisheni ya ABC, ilibidi mtazamaji apewe sababu ya kukaa akitazama bila ya kugusa kitu. Watungaji wakakipa kiduara mke, mtoto mchanga, mbwa na paka. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mfululizo wa kwanza wa vibonzo vya televisheni uliotokana na mchezo wa kompyuta. Yaani, ndugu msomaji, kazi ya kwanza ya watungaji hao ilikuwa kujibu swali la babu: huyu ni wa nani?

Wengine walifuata njia hiyo hiyo. Fundi bomba mwenye masharubu ni Mario wa kampuni ya Nintendo, aliyepata vibonzo vyake vya televisheni huko Marekani mwaka 1989. Kalunguyeye ni Sonic wa kampuni ya Sega, aliyetokea katika mchezo mwaka 1991, na kufikia mwaka 1993 akawa na mifululizo miwili ya vibonzo kwa wakati mmoja. Katika mmojawapo, nchi yake imetekwa na mwovu anayewageuza wanyama kuwa mashine, na mjomba wake Sonic ni miongoni mwa waliogeuzwa. Laiti kijana wetu angeutazama mfululizo huo, angeweza kumjibu babu: kwao kumetekwa, na anayetaka kumwokoa ni mjombake. Naamini baraza lisingecheka. Mjomba ni mjomba, awe wa Chiola au wa kalunguyeye.

Hapa kwetu mambo hayo yalichelewa kufika. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo hatukuyapokea hatua kwa hatua. Yalitujia kwa mkupuo, kwa santuri za video, kwa visimbuzi, na sasa kwa simu iliyomo mfukoni mwako. Mtoto wa kijijini kwenye nyumba yenye umeme wa jua anaweza kutazama yale yale anayotazama mtoto wa Tokyo. Lakini mzazi wa Tokyo alikua nayo. Wewe na mimi hatukukua nayo. Hiyo ndiyo sababu wengi wetu tunamwachia mtoto chombo na kwenda zetu.

HADITHI NA DUKA

Kuna swali moja ambalo babu hakuuliza, nalo ni juu yetu wazazi kuliuliza: nani anauza nini? Mfano ulio wazi ni Pokémon. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri wa Japani, alipenda kukusanya wadudu alipokuwa mtoto, na mchezo wake ni wa kukamata na kufuga viumbe wa ajabu. Ulitolewa mwaka 1996 katika matoleo mawili, jekundu na kijani, na baadhi ya viumbe walipatikana katika toleo moja tu. Aliyetaka kuwapata wote 151 alilazimika kubadilishana na mwenzake. Ni fikra nzuri, maana inawakutanisha watoto. Lakini ni fikra nzuri kwa mwenye duka pia.

Tarehe 1 Aprili, 1997, vibonzo vya Pokémon vilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani. Shujaa wake alipewa jina la mbuni mwenyewe, Satoshi, na katika nchi nyingine akaitwa Ash. Safari ya kijana huyo na rafiki yake Pikachu, yule mwenye umeme mashavuni, iliendelea hadi mwaka 2023, ikiwa na vipindi zaidi ya 1,000. Idadi ya viumbe nayo imezidi 1,000. Kila kiumbe kipya ni kadi mpya, kinyago kipya, fulana mpya na mkoba mpya wa shule. Kipindi kinautangaza mchezo, na mchezo unakitangaza kipindi. Mtoto haoni tangazo. Yeye anaona rafiki. Basi mwanao akililia mkoba wenye picha, usimwone mpumbavu. Amebembelezwa na mabingwa wa biashara. Mweleze hivyo kwa maneno rahisi, naye ataelewa kuliko unavyodhani.

MACHO NA UMRI

Yako pia mambo ya afya. Tarehe 16 Desemba, 1997, kipindi kimoja cha Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi ya mara 12 hivi kwa sekunde. Usiku huo watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali huko Japani wakiwa na kizunguzungu, kichefuchefu, na wengine degedege. Hakuna aliyekufa. Kipindi kilisimamishwa kwa miezi minne, na watangazaji wakaweka masharti ya kupunguza mwanga wa namna hiyo. Tangu hapo watazamaji wa huko wamekuwa wakikumbushwa jambo ambalo nasi tunaweza kulifanya bila gharama: chumba kiwe na taa, na mtoto akae mbali na kioo. Watoto wetu wengi hutazama gizani, tena simu ikiwa karibu kugusa pua.

Jambo la pili ni umri. Wazazi wengi hudhani kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto. Sivyo. Castlevania, mfululizo wa mwaka 2017 uliotokana na mchezo wa Kijapani, umejaa damu na mauaji. Arcane, uliotoka Novemba 2021 kutokana na mchezo wa League of Legends na kuchorwa na wasanii wa studio ya Fortiche ya Paris, ulipata tuzo ya Emmy mwaka 2022. Ni kazi ya ustadi mkubwa, yenye kisa cha madada wawili waliotenganishwa na dhuluma na umaskini. Lakini ni ya watu wazima. Kabla ya kumwachia mtoto chombo, soma alama ya umri iliyowekwa mwanzoni, na tazama dakika 10 wewe mwenyewe.

MIKONO YETU

Je, sisi ni watazamaji tu? Hasha. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales, vibonzo vilivyotengenezwa Nairobi na wasanii wa Kenya, vyenye ngano za Kiafrika za wanyama. Mtindo wa michoro yake umetokana na uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, wilaya iliyo upande wa magharibi wa Nachingwea. Mzee huyo, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kawaida za dukani juu ya mbao nyembamba. Mtu wa Kusini ndiye aliyewapa wasanii hao jicho la kuchorea.

Na mwaka 2014 shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha Ubongo Kids, vibonzo vya Kiswahili vinavyofundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Hivi havikutokana na mchezo wa kompyuta, lakini vilichukua siri ya mchezo: mtoto aliulizwa maswali na kupewa nafasi ya kujibu kwa simu ya kawaida ya mkononi. Hakuachwa atazame tu.

Basi lililobaki ni kuchukua mchezo wetu wenyewe na kuutungia hadithi. Mchezo tunao.

KETE NA DAFTARI

Turudi Chiola. Siku ya tatu babu alimwita yule kijana chini ya mwembe akamwekea bao. Akamwonyesha mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu. Akampangia kete 10, nyingine 22 akazishika mkononi, akaanza kunamua moja moja. Kijana, aliyezoea michezo ya ngazi, alishtuka alipoambiwa kwamba kete za mkononi zikiisha mchezo unabadilika na kuingia mtaji, wenye kanuni zake. "Kumbe nalo lina ngazi ya pili!" alisema. Tena akagundua kwamba bao halina bahati nasibu. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako.

Alifungwa siku nne mfululizo. Siku ya tano akamgeuzia babu maswali yake mwenyewe. Akaishika kete moja akauliza: "Hii ni mtoto wa nani? Kwao wapi? Inakimbilia nini?" Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akajibu kwa makini. Kwao ni kwenye nyumba, lile shimo kubwa la katikati. Inakimbilia ng'ambo, kwa maana ndugu zake wametekwa huko. Ikila kete za adui, zinahamia upande wetu, zinakuwa watu wa kwetu, na kesho zinaweza kutekwa tena. Katika bao hakuna kete inayokufa. Jioni hiyo babu alisimulia vita nzima ya bao kama ngano, na mjukuu akawa anamrekebisha pale aliporuka hatua.

Waliporudi Dar es Salaam, baba aliliona daftari la mwanawe la hisabati. Pembeni mwa kila ukurasa palichorwa kete yenye miguu miwili. Ukizifungua kurasa haraka kwa kidole gumba, kete inatoka nyumbani, inapita kichwa, inavuka ng'ambo, inarudi na wenzake watatu. Hiyo ndiyo kanuni ya vibonzo vyote, vya Japani na vya Marekani: picha nyingi zilizotofautiana kidogo, zikipita upesi mbele ya jicho. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba daftari lisichafuliwe. Baba alimnunulia daftari jingine, lisilo na mistari.

Ndugu msomaji, hatuwezi kuufunga mlango, na wala si lazima. Kaa na mwanao kipindi kimoja kwa juma. Muulize maswali ya babu: huyu ni wa nani, kwao wapi, anakimbilia nini? Ongeza na lako: nani anauza? Washa taa. Kisha likizo ijayo, ikiwa kwenu wako wazee, mpeleke. Mwombe babu yake asicheke sana, na mwombe kijana asinyamaze upesi.