Archie Carr na Vibati vya Kasa

Watu wa mwambao wanamfahamu kasa. Ni mnyama wa baharini mwenye gamba gumu mgongoni. Hula majani ya baharini. Kasa mkubwa huweza kufika kilo 150. Maisha yake ni ya majini, lakini jike hupanda pwani usiku kutaga. Huchimba shimo mchangani, hutaga mayai kama 100, huyafukia, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi makinda hutoka na kukimbilia majini.

Je, kasa akiisha kutaga huenda wapi? Zamani wataalamu hawakujua kwa hakika. Leo tutasoma habari za mtu aliyelitafuta jibu.

Mwalimu aliyewauliza wavuvi

Archie Carr alizaliwa Marekani mwaka 1909. Alifundisha elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Florida. Lakini hakutosheka na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisafiri katika visiwa na pwani za Bahari ya Karibi, huko Amerika. Aliwauliza wavuvi habari za kasa. Wavuvi walimwambia kwamba kasa husafiri mbali, kisha hurudi kwao kutaga. Carr hakuwadharau. Aliamua kuyapima maneno yao.

Alikwenda Tortuguero, katika nchi ya Costa Rica. Pwani hiyo ina urefu wa kilomita 35 hivi. Usiku wawindaji waliwangojea kasa. Kasa alipopanda, walimpindua chali kabla hajataga. Kasa akiwa chali mchangani hawezi kukimbia. Aliuzwa, na mayai yake yalipotea pamoja naye. Ni kama mkulima anayekula mbegu.

Kibati kidogo, kazi kubwa

Mwaka 1955 Carr na wenzake walianza kuwawekea kasa alama. Kwanza walitoboa gamba na kufunga kisahani kwa waya. Visahani vingi vilipotea baharini. Basi wakajaribu njia nyingine. Walichukua vibati vya kuwekea ng'ombe alama masikioni, wakavibana kwenye mapezi ya mbele ya kasa. Vibati hivyo vilishika.

Kila kibati kilikuwa na namba yake na anuani ya chuo. Pia kilikuwa na ahadi ya zawadi kwa mtu atakayekirudisha. Usiku baada ya usiku walitembea pwani gizani na kuandika namba daftarini.

Kisha barua zikaanza kufika. Mvuvi aliyemnasa kasa mwenye kibati alikituma, akaeleza alikompata. Barua nyingi zilitoka nchi jirani ya Nicaragua, ambako kuna majani mengi ya baharini. Nyingine zilitoka Meksiko, Kuba, Kolombia na Venezuela. Na Tortuguero kwenyewe, kasa wa zamani walionekana tena baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi. Walirudi kutaga palepale.

Wavuvi walikuwa wamesema kweli. Tena jambo kubwa lilijulikana: kasa anayetaga katika nchi moja hupata chakula chake katika nchi nyingine. Nchi moja peke yake haiwezi kumlinda.

Mafanikio na makosa

Si kila jambo lilifaulu. Kati ya mwaka 1959 na 1968 Carr na wenzake walichukua mayai na makinda ya Tortuguero kwa ndege. Waliyapeleka pwani nyingi za Karibi ili kasa wazaane huko tena. Jambo hilo halikuzaa matunda. Kasa si muhogo, ukate kijiti ukapande shamba lolote. Walijifunza kwamba ni lazima kuilinda pwani ambayo kasa wenyewe huijia.

Mwaka 1975 Tortuguero ilifanywa hifadhi ya taifa kwa sheria. Baadaye baadhi ya waliokuwa wawindaji walipata kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kumtazama kasa akitaga. Carr alifariki mwaka 1987, lakini kazi ya kuhesabu haikukoma. Viota viliongezeka sana kati ya mwaka 1971 na 2003. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni vimeanza kupungua tena. Kwa hiyo ulinzi ni kazi ya kila mwaka.

Na sisi je?

Kasa wa aina hiyohiyo huishi katika Bahari ya Hindi na hutaga katika pwani zetu. Huku nako kuna wanaovalishwa vibati. Ndugu mvuvi, ukimkuta kasa hai mwenye kibati wavuni mwako, usikitoe. Soma namba, iandike, andika tarehe na mahali, kisha mwachilie aende zake. Mpelekee ofisa wa uvuvi habari hizo. Asiyejua kusoma angekiona kibati kuwa ni kipande cha bati tu. Wewe sasa unajua kusoma. Namba utakayoiandika yaweza kueleza safari ya miaka mingi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni hasara kumwinda kasa kabla hajataga?
2. Barua za wavuvi zilimsaidiaje Carr?
3. Wazee wa kijiji chenu wanajua nini juu ya kasa, samaki au wanyama wengine? Waulizeni, kisha andikeni majibu yao.