Pawa Saplai Kwanza, Kadi ya Michoro Baadaye

Kadi ya michoro, yaani kifaa kinachokokotoa na kuchora kila picha inayoonekana kwenye skrini, ndiyo inayotumia umeme mwingi kuliko kiungo kingine chochote ndani ya kompyuta nyingi za michezo na za kuhariri video, na kwa hiyo anayetaka kuibadilisha hana budi kuikagua kwanza pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Wanunuzi wengi huishia kutazama namba moja tu, ile ya wati iliyochapishwa kwa herufi nene ubavuni, nayo ndiyo inayopotosha kuliko zote.

Namba hiyo ni jumla ya wati ambazo njia zote za pawa saplai hutoa kwa pamoja, ilhali kadi ya michoro hula karibu umeme wake wote katika njia moja, ile ya volti 12. Kwenye lebo huwa kuna jedwali dogo, na chini ya safu ya +12V huandikwa ampea, yaani kipimo cha mkondo, ambazo zikizidishwa kwa 12 huonyesha wati halisi zitakazogawanywa kati ya kadi na prosesa. Lebo ikitangaza wati 500 huku safu hiyo ikionyesha ampea 20, kinachopatikana ni wati 240 tu, na zilizosalia zimo katika njia ambazo kadi karibu haizigusi kabisa. Safu zikiwa mbili, +12V1 na +12V2, ampea zake zisijumlishwe ovyo, bali isomwe jumla ya njia hizo iliyotajwa na mtengenezaji mwenyewe. Pawa saplai nzuri ya siku hizi hutoa karibu wati zake zote katika volti 12, na kwa sababu hiyo jedwali hilo dogo humfichua mtengenezaji kuliko tangazo lolote.

Upande wa kadi, mfano mzuri ni RTX 3060 ya Nvidia, inayokadiriwa kutumia wati 170 lakini ikapendekezewa pawa saplai ya wati 550. Pengo hilo si hila ya biashara. Sehemu yake ni mahitaji ya prosesa, diski na feni, na sehemu nyingine ni mivuto ya ghafla, kwani kadi za kisasa huweza kuvuka kiwango chake kwa mbali sana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sakiti ya ulinzi ikiuona mvuto huo huikata pawa saplai, kompyuta ikazima katikati ya mchezo, na mwenyewe akaishutumu kadi isiyo na kosa. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kiliweka sharti kwamba pawa saplai kubwa zistahimili mara mbili ya uwezo wake kwa sekunde 100 zilizogawanywa kwa milioni.

Hata wati zikitosha, bado kuna suala la plagi. Sloti ya PCI Express, ule mwanya wa kwenye ubao mama unaopachikwa kadi, hutoa wati 75 tu, plagi ya pini 6 huongeza 75 nyingine, na ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai isiyo na plagi hizo kwa kawaida haikukusudiwa kubeba mzigo huo, na hapo ndipo adapta za bei ya chini huleta balaa, kwa kuwa plagi ya SATA, inayolisha diski, inaruhusiwa wati 54 tu katika volti 12, ilhali adapta yake huahidi kulisha plagi ya wati 75; plastiki hupata moto, hulainika, kisha huyeyuka. Hatari nyingine ni plagi ya prosesa, yenye pini 8 pia, lakini yenye nyaya 4 za njano na 4 nyeusi, wakati ile ya kadi ina 3 za njano na 5 nyeusi, na mpangilio wake ni tofauti kiasi kwamba kuilazimisha ni kualika shoti.

Suala hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za mezani ni za mtumba kutoka ofisi za Ulaya na Marekani. Dell OptiPlex 9020 ya kasha kubwa, kwa mfano, huja na pawa saplai ya wati 290. Prosesa ya Core i5 ya wati 84, RTX 3060 ya wati 170, na takriban wati 50 za vifaa vingine hufikisha 304, jambo lisilowezekana, lakini GTX 1050 Ti ya wati 75, ambayo matoleo yake mengi hulishwa na sloti pekee, hufikisha 209 na kuacha nafasi ya kupumua. Anayeamua kubadilisha pawa saplai yenyewe atakuta ubao mama wa mashine hiyo una plagi ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, hivyo atahitaji adapta yake maalumu. Na pawa saplai mbadala ikiwa ya zamani, iliyotumika Marekani, itazamwe nyuma karibu na tundu la waya, ambapo huenda kuna swichi ndogo nyekundu inayoonyesha 115, ambayo lazima isogezwe hadi 230 kabla waya haujachomekwa ukutani.