Dawa Inahitaji Mahali: Afya ya Wasio na Makazi Mbeya na Iringa

Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Mbeya na Iringa ni wa makoti na mablanketi. Miji hii ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo joto la alfajiri huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mwenye nyumba hufunga mlango na kulala. Wapo wasio na mlango wa kufunga: watoto wanaojikunyata barazani mwa maduka, wagonjwa wa akili wanaolala stendi, wanawake waliofukuzwa na watoto wao mgongoni.

Kadiri watu hao wanavyoongezeka, wakazi huuliza mji ufanye nini. Jibu lililozoeleka ni kuwaondoa. Makala haya yanaeleza kwa nini, kwa upande wa tiba, jibu hilo halitoshi, na ni lipi linaloweza kufanyika.

Jinsi mtu anavyofika mtaani

Hakuna sababu moja. Wapo waliokimbia kipigo na ulevi wa nyumbani, wajane walionyang'anywa mali, na wenye kifafa au maradhi ya akili ambao ndugu walichoka kuwauguza. UKIMWI nao umeacha yatima wengi katika ukanda huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionesha maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Aidha, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hupita katika miji yote miwili, na aliyeondoka kijijini bila nauli ya kufika mbali huishia hapo.

Yanayoupata mwili

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, husema ovyo, kisha husinzia. Asiposaidiwa huweza kufa. Pombe huongeza hatari. Hupanua mishipa ya damu ya ngozini, mnywaji akahisi joto wakati mwili unalipoteza. Watoto wanaovuta gundi ili wasahau baridi na njaa hujiharibia ubongo, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ghafla. Jiko la mkaa katika kibanda kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Miguu isiyo na viatu hupata funza na vidonda, na vidonda hufungua mlango kwa pepopunda.

Tiba inayodai anwani

Hatari kubwa zaidi hujitokeza pale mgonjwa anapofika kituoni. Kadi yake hudai mtaa, namba ya simu na jina la ndugu. Tiba ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Dawa hutolewa bure, na mgonjwa huzimeza nyumbani chini ya uangalizi wa mtu aliyemchagua. Mpango huo ni mzuri, ila umejengwa juu ya neno "nyumbani".

Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ikishirikiana na Dkt. Karel Styblo, wagonjwa walilazwa katika miezi miwili ya mwanzo. Kitanda cha wodini kilikuwa pia makazi. Tiba ya nyumbani imewafaa wengi. Asiye na nyumba ndiye aliyebaki nje. Akikatiza dozi, ugonjwa hurudi, huweza kuwa sugu, na huambukiza wengine.

Vivyo hivyo kwa ARV. Dozi ya miezi mitatu au sita humpunguzia safari mwenye kabati. Kwa anayelala barazani, makopo huloa, huibwa, au hufichua siri yake. Mwenye skizofrenia anaweza kufaidika zaidi na sindano ya takribani mara moja kwa mwezi kuliko vidonge vya kila siku, mradi yupo muuguzi anayejua pa kumpata tarehe ikifika.

Kwa nini kuwaondoa hakuponyi

Njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilifuatiwa na misako ya kuwapeleka mashambani waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Wengi walirejea mjini. Msako hukatiza dozi, na humfundisha mgonjwa kumkimbia kila anayemtafuta, hata muuguzi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitwisha halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto aliyemo katika eneo lake.

Mji ufanye nini

Kwanza, uhesabu mchana na usiku. Mtoto anayeuza karanga mchana na kurudi kwao jioni hana mahitaji sawa na yule anayelala stendi.

Pili, kituo kimoja cha afya karibu na soko au stendi kiwe anwani ya wasio na anwani: kitunze kadi na dawa zao, kitoe dozi hata kila siku, na mhudumu wa afya ya jamii awafuate usiku walipo.

Tatu, yawepo malazi ya muda, hata vitanda vichache, kwa aliyetoka wodini, mama mwenye mtoto na, katika chumba chake chenye hewa ya kutosha, anayeanza tiba ya kifua kikuu. Tangu 2008, Finland imekuwa na mpango wa kitaifa unaompa mtu makazi kwanza, kisha kushughulikia ulevi na maradhi yake. Halmashauri zetu hazina fedha za Finland, lakini zinaweza kuufuata mpangilio huo.

Nne, afisa ustawi wa jamii aitembelee familia kabla ya kumrejesha mtoto. Anayerudishwa kwenye kipigo kilekile hukimbia tena.

Kwa mhudumu, mgonjwa na jirani

Mhudumu, kabla ya kuandika dawa, amuulize mgonjwa: usiku huu utalala wapi? Mgonjwa asione haya kujibu ukweli, kwani jibu hilo ni sehemu ya tiba. Jirani akimkuta mtu aliyezidiwa na baridi amtoe kwenye upepo, amvue nguo zilizoloa, amfunike pamoja na kichwa na, akiwa na fahamu, ampe kinywaji cha moto chenye sukari, kamwe si pombe. Kisha amfikishe kituoni. Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bila malipo.