Mtoto wa Kihanga na Kipimo cha Akili

Umepata kumsikia, ndugu msomaji, mzazi akiwaambia wageni kwamba huyu mwanawe ana akili, bali yule kichwa chake ni kizito? Maneno hayo hutamkwa kwa wepesi, aghalabu mtoto mwenyewe akiwa pale pale anasikiliza. Lau tungeulizwa mtoto huyo tumempima kwa mizani gani, wengi wetu tungekosa la kujibu.

Natuchukue mfano wa mtoto wa miaka 10 aliyetoka Kihanga, wilayani Karagwe, akaletwa Dar es Salaam kukaa kwa mjomba wake ili asome. Muhula wa kwanza yu wa mwisho darasani. Akiulizwa jambo hukaa kimya kitambo kabla ya kujibu. Binamu zake humcheka, na mjomba mtu huanza kunong'ona na mkewe kwamba mtoto wa dada hana kitu kichwani. Lakini mrudishe mtoto huyo shambani kwao. Kwa kutupa jicho mara moja atakuambia mgomba huu ni wa ndizi za kupika, ule ni wa ndizi za kuchoma, na ule kule ni wa rubisi. Binamu zake waliozaliwa Kariakoo wataona migomba mitupu.

Je, ujuzi huo ni akili, au si akili? Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, wamelumbana juu ya swali hilo kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenziwe Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili za watoto. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuwatambua watoto waliohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee, na nia ilikuwa kuwasaidia. Binet mwenyewe alipinga vikali fikra kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kukatwa, kisichoongezeka. Bahati mbaya, kipimo kilipovuka bahari kwenda Marekani wako waliokigeuza kuwa chapa ya moto, ya kuwatenga wahamiaji na maskini.

Huku kwetu Afrika Mashariki yamefanyika mambo ambayo kila mzazi angefaa kuyajua. Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha uchunguzi wake kutoka Uganda, nchi inayopakana na mkoa wa Kagera. Alitaka kujua watu huambatanisha sifa zipi na neno la Kiganda obugezi, ambalo twaweza kulifasiri kuwa akili. Wanavijiji walilihusisha na utulivu na uangalifu. Waliosoma zaidi kwa mtindo wa kizungu walielekea kwenye wepesi. Sisemi kwamba Mnyambo wa Karagwe ni Mganda. Hata hivyo, yule mtoto anayenyamaza kabla ya kujibu huenda anatenda hasa alichofundishwa nyumbani: mwenye akili haropoki mbele ya wakubwa. Mwalimu mwenye haraka humwandikia sifuri.

Kadhalika, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 uliwahusu watoto wa Kijaluo huko Kenya. Waliulizwa juu ya miti-shamba: upi hutibu nini, na kwa kipimo gani. Waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati wa Kiingereza. Watoto hao walijifunza mengi. Ila mitihani ya shule haikuwauliza walichojifunza.

Lakini uchunguzi unaonigusa kuliko yote ni ule wa Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo Watanzania. Watoto wa shule 358 walipewa mitihani ya kufikiri. Mmojawapo ulikuwa mchezo wa maswali 20, ambapo mtoto hutafuta kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali yanayojibiwa ndiyo au siyo. Ukikisia kitu kimoja kimoja utakwama. Mwerevu huuliza swali linaloondoa nusu ya vitu kwa mpigo mmoja. Baada ya mtihani wa kwanza watoto walifundishwa mbinu hizo kwa muda usiotimia saa moja, kisha wakapimwa tena.

Alama zilipanda. Hapo ndipo wengi wetu tungepiga makofi na kwenda zetu, lakini mwanasayansi hatosheki. Je, kama zilipanda kwa sababu tu watoto walikwisha kuuzoea mtihani? Ndiyo maana watafiti waliwaweka kando watoto wengine 100, wakawapima mara mbili bila kuwafundisha. Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo iliyoonyesha kazi ya mafunzo: waliofundishwa walipanda zaidi. Tena, miongoni mwao nafasi zilichanganyika, hata aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hukuweza kutabiri vema kwamba atabaki nyuma. Ikiwa saa moja huweza kupangua safu kiasi hicho, ripoti ya muhula mmoja isitufanye tuandike hatima ya mtoto.

Ukiwa nawe una mtoto wa namna hiyo nyumbani, fanya kama walivyofanya Bagamoyo: mfundishe jambo moja dogo, mpe siku mbili tatu, kisha mjaribu tena. Ulinganishe alama zake na za kwake mwenyewe za wiki iliyopita, wala usizilinganishe na za binamu yake. Kumbuka pia kwamba mtoto aliyekulia Kihanga alianza kusema kwa Kinyambo au Kihaya. Swali asilolielewa kwa Kiswahili cha haraka cha mjini mrudilie kwa maneno mengine. Na kabla ya yote mpeleke kituo cha afya akapimwe macho na masikio. Wako watoto walioitwa wajinga miaka nenda miaka rudi, kumbe kutoka dawati la nyuma hawakupata kuyaona maandishi ya ubaoni.