Nyimbo za kwaya zisikae mfukoni mwa mtu mmoja

Tunajua wote namna kasha la AVEC linavyolindwa. Lina kufuli tatu, na funguo zake tatu ziko kwa wamama watatu. Hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake, na mmoja akisafiri tunajua wa kumuuliza. Juma hili tunapenda kuuliza swali moja: je, nyimbo za kwaya yetu zinalindwa hivyo?

Katika kwaya nyingi za wamama, muziki unatoka katika kinanda cha umeme, kile tunachokiita piano. Nyuma yake kuna flashi ndogo, wengine huita kle, na ndani yake kuna nyimbo zilizotayarishwa tayari: ngoma, besi, gitaa na vinubi. Kijana anabonyeza, muziki unaanza, na sisi tunaimba. Siku kijana yule anapopata masomo Bukavu au kazi Kampala, flashi inaondoka naye. Hana nia mbaya. Ni kwamba hakuna mwingine aliyejua ndani kuna nini. Kwaya inabaki na piano nzima isiyo na wimbo, na kazi ya miaka inaanza upya.

Kitu kilicho ndani ya flashi

Faili nyingi za namna hii zinaitwa MIDI, na jina la kila moja huishia na .mid. Ndani yake hamna sauti. Kuna maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, iache baada ya muda huu. Piano ndiyo inayosoma maagizo na kutoa sauti, kama mama anayesoma karatasi ya mapishi na kupika mwenyewe.

Wazo hili ni la zamani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Ulaya na Marekani, kulikuwa na piano za kujipiga zenyewe. Zilisoma karatasi ndefu iliyoviringishwa na kutobolewa matundu, kila tundu noti moja. Mwaka 1904 kampuni ya Welte ya Ujerumani ilionyesha piano iliyoweza kurudisha hata nguvu na ulaini wa vidole vya mpigaji. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja ya maagizo, ndiyo MIDI, ili chombo cha kampuni moja kielewane na cha kampuni nyingine. Leo piano za kujipiga bado zinatengenezwa, na karatasi ya matundu imegeuka kuwa faili.

Kwa kuwa ni maagizo tu, faili hizi ni ndogo sana. Wimbo wa MP3 wa dakika 4, kwa ubora wa kawaida, unakaribia megabaiti 4. Wimbo uleule katika MIDI mara nyingi haufiki hata megabaiti 0.1. Kwa hiyo unaweza kuutuma kwa WhatsApp bila kumaliza mega zako. Utume kama faili, kwa sababu hauendi kama wimbo wa kawaida.

Kuna faida nyingine kubwa. MIDI unaweza kuipunguza mwendo bila sauti kushuka, na kuishusha sauti bila mwendo kubadilika. Unaweza pia kuzima ala moja na kuacha nyingine.

Namna ya kuchagua

Usipokee flashi yenye nyimbo 3,000 ukafurahi. Faili nyingi zinazotembea mikononi mwa watu ni mbovu, na nyimbo 60 nzuri zinatosha kwaya kwa mwaka mzima. Kila faili ipimwe na wamama waimbaji wenyewe, wala si kijana peke yake.

Kwanza, isikilizeni yote toka mwanzo hadi mwisho. Kuna faili zinazokatika katikati, na nyingine zina noti inayonasa na kulia bila kukoma. Hesabuni beti. Kama kitabu chenu kina beti 5 na faili ina 3, mtajua mbele, si mbele ya kanisa zima.

Pili, pimeni sauti. Waliotengeneza faili hawakuwafikiria wamama wa Murara saa kumi na mbili asubuhi. Kama noti ya juu inawakaza shingo, tumieni kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE. Kila hatua ni nusu toni. Shusheni hatua 2, mwimbe tena, kisha mwandike namba ile.

Tatu, pimeni mwendo. Mwendo huhesabiwa kwa mapigo ya dakika moja. Mapigo 60 ni sawa na sekunde za saa ya ukutani. Wimbo mmoja unaweza kuwa 110 kwenye ndoa na 70 kwenye matanga.

Nne, tafuteni sauti ya wimbo wenyewe. MIDI ina njia 16, na kila ala hukaa katika njia yake. Ngoma, kwa kawaida, ziko njia ya 10. Mara nyingi njia moja inapiga ule wimbo tunaouimba, kwa filimbi au tarumbeta, na inashindana na midomo yetu. Izimeni. Lakini siku za mazoezi iwasheni, itawasaidia wageni kujifunza.

Tano, sikilizeni kama kuna uhai. Nguvu ya kila noti huandikwa kwa namba toka 1 hadi 127. Faili iliyotengenezwa kwa haraka ina nguvu moja kwa kila noti, na inasikika kama nyundo juu ya bati. Ile iliyopigwa na mikono ya mtu inapanda na kushuka. Kama mnataka piano peke yake, chagueni faili iliyotayarishwa kwa ajili ya piano tu. Faili ya bendi nzima ikipigwa kwa piano peke yake huleta fujo.

Mwisho, kama piano inakataa kusoma faili, msiitupe haraka. Kuna aina 0 na aina 1, na vinanda vingine husoma aina 0 tu. Kijana mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha kwa dakika chache.

Namna ya kupanga

Ubaya wa flashi nyingi ni majina. Mtu anakuta "wimbo mpya", "wimbo mpya 2", "ule wa mama". Mwenye kuyaelewa ni mmoja tu. Tunapendekeza jina lenye mambo manne: namba ya wimbo katika kitabu chenu, neno moja la kuutambua, sauti ya kuanzia, na mwendo. Kwa mfano: 045-shukrani-sol-076.mid. Hata mgeni akikuta jina hilo, anaweza kupiga.

Andikeni namba kwa tarakimu tatu, 045 badala ya 45. Vinanda vingi hupanga majina kwa kutazama herufi ya kwanza, kwa hiyo bila sifuri, wimbo wa 10 utakuja kabla ya wimbo wa 2. Msitumie herufi zenye alama juu yake kama é, wala alama za ajabu, kwa sababu vyombo vingine vinashindwa kuzisoma.

Halafu gawanyeni katika mafolda machache: 01-ibada, 02-ndoa, 03-matanga, 04-noeli, 05-pasaka, 06-watoto, 07-mazoezi. Wimbo unaofaa sehemu mbili uwekeni mahali pamoja tu. Mkiuweka mara mbili, mtarekebisha mmoja na kusahau mwingine.

Pamoja na flashi, kuwe na daftari. Kila wimbo upate mstari wake: namba, jina la faili, hatua mlizoshusha, mwendo, njia mliyozima, na jina la aliyeutayarisha. Umeme ukikatika au flashi ikifa, daftari haifi.

Jina la aliyeutayarisha si pambo. Kijana aliyekaa usiku akipanga ngoma na besi za wimbo wenu amefanya kazi. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Muulizeni kama anakubali kwaya ibaki na kazi yake, mkubaliane mapema, na mmshukuru kwa chochote mnachoweza. Atakayeheshimiwa hivyo ataacha nyimbo kwa moyo mweupe siku ya kuondoka. Na wimbo mpya wa msanii aliye hai una mwenyewe, hata kama faili yake imepatikana bure.

Namna ya kulinda

Tukumbuke tarehe 27 Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku tano kabla, na asubuhi ile ilitangazwa kwamba wakaaji wa kartie 10 za Goma waondoke. Murara ilikuwa mojawapo. Watu walienda Sake, Minova, Gisenyi, wakiwa na watoto mgongoni na kifurushi kidogo. Nani angebeba piano? Lakini flashi inakaa katika fundo la kitenge. Wazee wetu waliona pia Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Hapa kwetu, kuweka kitu cha thamani mahali pamoja ni kukiweka hatarini.

Kwa hiyo tufanye kama kasha la AVEC, ila hapa kila ufunguo ufungue wenyewe. Nakala ya kwanza ikae na piano. Ya pili ikae na mama sekretari, katika simu yake au kompyuta. Ya tatu ikae kwa mama mwingine anayeishi kartie nyingine, Himbi au Keshero kwa mfano. Kila miezi mitatu nakala zote tatu zifunguliwe, wimbo mmoja upigwe kutoka kila moja, na tarehe iandikwe katika daftari. Nakala ambayo haijafunguliwa muda mrefu usiihesabu kuwa ipo.

Angalieni pia virusi. Flashi inayoingizwa katika kompyuta za vibanda vya fotokopi hurudi mara nyingi na ugonjwa: mafolda yanaonekana kama yamepotea, kumbe yamefichwa tu. Flashi ya piano isitumike kuchapishia barua wala kubebea filamu. Na kinanda kikiuliza kama kifute yote ili kuitayarisha flashi upya, jibu ni hapana, mpaka mjue nakala ya pili iko wapi.

Faida nyumbani

Mama mwenye mtoto anayejifunza piano anaweza kutumia nyimbo hizihizi. Zima njia ya mkono wa kulia, punguza mwendo mpaka 50, na mtoto ajaze nafasi ile. Akizoea, ongeza kidogo kidogo. Ndivyo mpiga piano wa kesho anavyopatikana, na kwaya haitamtegemea mtu mmoja tena.

Mazoezi ya juma hili yaanze hivi: kabla ya kuimba, mwombeni kijana wenu kwa heshima afungue flashi mbele ya wamama wote. Mama mmoja ashike daftari, mwingine ashike flashi tupu. Mwanze na nyimbo kumi mnazoziimba zaidi.