Rangi za asubuhi: jinsi ya kutengeneza kinasa jua nyumbani

Binti mmoja wa darasa la nne, mkazi wa Ulongoni, alinijia Jumamosi moja na kipepeo cha plastiki mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hiki changu hakiwaki." Alikuwa amekitundika dirishani kwao tangu asubuhi, akakaa kwenye mkeka akisubiri rangi zimwagike sakafuni kama alivyoona kwenye picha ya kitabu. Saa sita ikafika, jua la kuchoma nyayo, na sakafu ikabaki saruji tupu.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia, nikakiinua kipepeo chake kwenye mwanga wa mlangoni. Mabawa yakawaka nyekundu na manjano mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Kazi yake haikuwa na kasoro. Aliyempotosha ni mwandishi wa kile kitabu, maana aliwaandikia watoto wa kaskazini ya mbali: tundika kwenye dirisha linalotazama kusini, jua la mchana litaingia.

Kitu chenyewe hakina jina moja lililozoeleka kwetu. Mimi nakiita kinasa jua, kwa mfano wa kinasa sauti, na watoto ninaowafundisha wamelipokea jina hilo bila ubishi. Ni pambo la rangi linalopitisha mwanga. Unalitundika mahali jua linapopita, nalo linatupa rangi zake ukutani au chini. Vifaa vyake unavipata kwenye maduka ya vifaa vya shule, kuanzia Gongo la Mboto Mwisho hadi Majohe: maka peni, gundi nyeupe, karatasi ya manila, uzi. Kitu ambacho hakiuzwi dukani ni kujua jua la hapa linapita wapi.

London mwezi Desemba, jua la saa sita liko chini sana, kama digrii 15 tu juu ya upeo wa macho. Linaingia dirishani kama mgeni anayeingia mlangoni, linafika hadi ukuta wa pili. Dar es Salaam tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linasimama utosini kabisa. Hata Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kuliko wakati wowote, bado lina digrii 60 kutoka upeo. Jua la namna hiyo linapiga bati. Dirishani haliingii.

Chukua nyumba ya kawaida ya huku kwetu: dirisha la mashariki lenye urefu wa sentimita 120, na upenu wa bati uliotokeza sentimita 60 usawa wa juu ya dirisha. Mwanzoni mwa Machi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kisha hupanda digrii 15 kila saa. Saa mbili asubuhi kivuli cha upenu kimefunika sentimita 24 tu za juu. Saa tatu na nusu kimefika nusu ya dirisha. Saa tano dirisha zima liko kivulini, na hata ukitundika vinasa jua kumi hutaona doa la rangi. Kwa hiyo chagua dirisha au mlango wa mashariki kwa ajili ya asubuhi, wa magharibi kwa ajili ya jioni kuanzia saa kumi, na utundike chini ya katikati. Nimeona watu wengi wakifunga pambo lao juu kabisa, kwenye nondo ya kwanza, ambako kivuli kinawahi kufika.

Jambo la pili linahusu vitu tunavyovitumia, na hapa ndipo watu wazima wanapochanganya zaidi kuliko watoto. Karatasi laini za rangi, zile za kufungia zawadi, zinapendeza sana zikipigwa na jua kwa nyuma. Lakini nyuzi zake zinautawanya mwanga kila upande. Karatasi yenyewe itang'aa dirishani, ila sakafuni hutapata umbo lolote. Ukitaka rangi itue chini na umbo lake, unahitaji kitu angavu, yaani kitu unachoweza kusoma gazeti kupitia kwake. Selofeni ya rangi inafaa. Chupa ya maji ya kunywa inafaa vilevile, tena hiyo ni ya bure.

Kata chupa ya lita moja na nusu juu na chini, upasue ubavu, upate bamba. Litataka kujikunja; lilaze chini ya godoro usiku mmoja. Pasi ya moto usiiguse, kwa sababu plastiki hiyo husinyaa na kukunjamana. Asubuhi chora mistari kwa maka peni nyeusi, iache ikauke, kisha geuza bamba na upake rangi upande wa pili. Ukipaka upande uleule, wino wa rangi unayeyusha ule mweusi na kila kitu kinageuka tope. Binti wa Ulongoni aligundua hili peke yake baada ya kuharibu mabamba mawili, nami nilijifunza kwake.

Njia nyingine ni gundi nyeupe, ile inayotumika shuleni na kwa mafundi seremala. Weupe wake unatokana na chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini na kutawanya mwanga. Maji yakikauka, chembe zinashikana na kuwa utando mmoja angavu. Changanya vijiko viwili vya gundi na matone matatu ya rangi ya chakula, mimina juu ya mfuniko wa ndoo ya plastiki, tandaza hadi unene wa milimita mbili, uweke kivulini. Ukiuanika juani, ngozi ya juu inakauka kwanza na mapovu yanabaki ndani. Kiangazi siku mbili zinatosha. Masika, hewa ya pwani ikiwa nzito, hesabu nne au zaidi. Ukikauka, utando huo unabanduka kwenye mfuniko kama ngozi ya kitunguu. Usiutundike nje: mvua ikiugusa unarudi kuwa mweupe na wa kunata.

Kuhusu rangi zenyewe, kumbuka kwamba selofeni nyekundu haiupaki mwanga wekundu. Mwanga wa jua umeshabeba rangi zote, na selofeni inazimeza nyingine ikiachia nyekundu ipite. Ndiyo maana manjano inayopitisha mwingi inawaka kuliko buluu iliyokolea. Ndiyo maana pia ukipandanisha manjano na buluu nyepesi unapata kijani, lakini ukipandanisha nyekundu na buluu unapata giza, kwa sababu inachoachia ya kwanza kinamezwa na ya pili.

Umbo nalo lina masharti yake. Jua si nukta. Ukilitazama kutoka duniani lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo kingo za kila umbo zinafifia kwa karibu sentimita moja kwa kila mita moja ya safari. Kama ukuta uko mita tatu kutoka dirishani, ua lenye petali za sentimita mbili litafika likiwa wingu tu. Kata vipande vikubwa, sentimita tano au zaidi. Weka mapambo madogo madogo kwa ajili ya jicho la anayetazama dirisha lenyewe.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unayo kazi ya watu wazima ya jambo hilihili. Jengo la Zahanati ya Kale, ambalo Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887, lina vioo vya rangi pamoja na roshani zake za nakshi. Katika kioo cha namna hiyo rangi huyeyushwa ndani, aghalabu kwa madini. Kobalti, kwa mfano, hutoa buluu ambayo jua haliifuti. Wino wetu wa maka peni hauna bahati hiyo. Waridi na nyekundu huwahi kuchujuka, na baada ya miezi michache utahitaji kupaka upya.

Wazazi, naomba mnisikilize hapa. Mtoto akishamaliza kinasa jua, kitu cha kwanza atakachofanya ni kukiinua machoni na kulitazama jua. Mzuieni. Plastiki ya rangi inapunguza mng'ao, lakini mionzi inayounguza jicho inapita, na jicho likiungua kwa ndani halitoi maumivu ya kumshtua. Mfundisheni kutazama sakafu.

Jumapili tulikihamishia kipepeo kwenye mlango wa mashariki, usawa wa sentimita 150 kutoka chini. Saa moja kasorobo doa lake jekundu lilikuwa ukutani, mita tatu ndani, karibu sawa na kimo cha binti. Saa mbili lilikuwa limeshuka hadi kiganja kimoja na nusu juu ya sakafu. Akachukua chaki, akalizungushia mstari na kuandika saa pembeni. Alipomaliza kuandika, doa lilikuwa limeshautoka mstari wake, likielekea mlangoni.